Wasikilizaji wanalalamika kila wiki, hakuna kinachotengenezwa: kipindi cha mazingira kifanyeje?

Swali: "Redio yetu ya jamii ina kipindi cha saa moja kila wiki kuhusu mazingira na kero za mtaani. Tunafungua simu, watu wanasema mitaro imeziba, maji ya bomba yanatoka na rangi, taka zinachomwa usiku. Maafisa tukiwaita hawaji, au wanakuja na kusema 'tunalishughulikia'. Wiki inayofuata wanapiga watu wale wale kwa mambo yale yale. Sasa mwenye kiwanda kidogo kando ya mto ametutishia kutushtaki kwa sababu msikilizaji mmoja alisema hewani kwamba kinamwaga sumu. Tufanye nini kipindi kilete matokeo?"

Jibu: Punguzeni simu za moja kwa moja, ongezeni daftari. Mtangazaji wenu hatalipenda jibu hili, maana simu ndizo zinazochangamsha kipindi. Lakini simu nane za dakika mbili mbili juu ya kero nane tofauti zinampa afisa nafasi ya kuzijibu zote kwa sentensi moja: tumelisikia, tunalishughulikia. Hakuna la kumbana nalo, kwa sababu hapakutajwa mahali hasa, hakuna kipimo, hakuna tarehe wala ofisi inayohusika. Kero moja iliyochunguzwa vizuri na kufuatiliwa wiki sita mfululizo inamsumbua zaidi kuliko kero mia zilizopigiwa kelele.

Daftari lenyewe ni la kawaida, la kurasa kubwa. Kila anayepiga simu, anayetuma ujumbe au anayefika studio apewe namba, kisha yaandikwe haya: siku na saa aliyoripoti, mahali, alichokiona, alichokisikia au alichokinusa yeye mwenyewe, kilianza lini na hutokea saa ngapi, amekwisha kumwambia nani na akajibiwa nini. Mahali pawe mahali kweli. "Kule sokoni" haisaidii. Nguzo nyingi za umeme zina namba, na simu ya kisasa inatoa namba za ramani ukifungua programu ya ramani, ukabonyeza na kushikilia sehemu ulipo, andikeni hizo. Majina na namba za simu za walioripoti yakae kwenye daftari la pili linalofungiwa kabatini, likiunganishwa na la kwanza kwa namba ya kero tu. Daftari la kwanza litapita mikononi mwa watu wengi, wakiwemo wageni wa studio, na siku moja mgeni atakuwa ndugu wa anayelalamikiwa.

Baada ya wiki mbili au tatu lisomeni lote, mchague kero moja. Ichagueni iliyoripotiwa na nyumba tatu au zaidi zisizo na undugu wala biashara pamoja, yenye kitu kinachoweza kupimwa, na ambayo ofisi fulani ina wajibu wa kuimaliza. Kwa mara ya kwanza ichukueni inayoweza kumalizika ndani ya miezi miwili au mitatu. Kuanza na mto mzima uliochafuka ni kujitafutia kushindwa, na wasikilizaji wakishaona mmeshindwa mara mbili hawatapiga tena.

Tuchukue mtaro, kwa kuwa ndio unaolalamikiwa kuliko vyote na ndio unaoripotiwa vibaya kuliko vyote. Mwandishi huenda kwenye nyumba iliyoingiliwa na maji, humrekodi mama mwenye nyumba akieleza hasara, basi. Hapo amerekodi matokeo. Chanzo kwa kawaida kiko chini zaidi, upande maji yanakoelekea. Kwa hiyo anzeni pale mtaro unapomwaga, mpande kurudi juu mkiwa na futi ya kamba, fimbo iliyonyooka na daftari. Kila mita ishirini au thelathini pimeni upana, kina kutoka ukingo hadi sakafu ya mtaro, na unene wa tope: tumbukizeni fimbo mpaka igonge saruji, kisha msome alama ya tope. Kwenye kila kalavati, yaani bomba linalopitisha maji ya mtaro chini ya barabara, chungulieni pande zote mbili. Mara nyingi mtakuta mojawapo ya mambo manne: taka zimekwama mdomoni mwa kalavati, tope limejaa, bomba la chini ni jembamba kuliko la juu, hivyo hata likisafishwa halitoshi, au mtu amejenga juu ya mtaro na hakuna anayeweza kuingia kusafisha. Dawa ya kila moja ni tofauti, na ofisi inayohusika huenda ikawa tofauti pia.

Vipimo hivyo vinageuza mazungumzo. Chukua mtaro wa pembe nne wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, uliojaa tope la sentimita 20. Mtu hudhani umepoteza theluthi moja tu ya uwezo wake. Kwa hesabu ya mtiririko umepoteza takriban asilimia 40, kwa kuwa maji yaliyobaki yanasuguana na kuta na sakafu zaidi kulingana na nafasi yake. Kwenye urefu wa mita 100 tope hilo ni mita za ujazo 12. Sasa mnaweza kumwuliza afisa swali lenye meno: tope hili la mita za ujazo 12 litatolewa lini, na litapelekwa wapi siku hiyo hiyo? Hiyo sehemu ya pili msiiache. Kosa la kawaida la usafishaji wa mitaro ni kulichota tope na kulirundika ukingoni "likauke kwanza". Mvua ya kwanza inalirudisha ndani, fedha zimelipwa, mtaro umeziba tena, na wananchi wanaambiwa wao ndio wanaotupa taka. Wanatupa, ni kweli, ila tope si taka za nyumbani. Hutoka kwenye barabara za vumbi, vilima vilivyokatwa miti na viwanja vinavyojengwa. Kama limejaa mchanga mtupu, chanzo cha mchanga huo kitafuteni juu.

Kabla ya kumwita afisa yeyote, jueni mtaro ni wa nani. Ulio kando ya barabara kuu kwa kawaida ni wa mamlaka ya barabara, wa vichochoroni ni wa serikali ya mtaa, unaopita ndani ya kiwanja huenda ni wa mwenye kiwanja. Ofisi mbili zikisukumiana, zipelekeeni zote barua yenye swali lile lile neno kwa neno, kisha msome majibu yote mawili hewani moja baada ya jingine bila kuongeza maoni.

Maji yenye rangi yanahitaji uangalifu zaidi, maana hapa mkikosea mnaweza kutia watu hofu bure au, vibaya zaidi, kuwatuliza huku wanaugua. Maswali ya kwanza kwa aliyeripoti: yana rangi muda wote au dakika za kwanza tu baada ya mgao kurudi? Jirani naye anayapata hivyo hivyo? Kama ni nyumba moja tu, tatizo huenda liko kwenye tangi au mabomba yake. Kama ni mtaa mzima na hutokea maji yanaporudi, sababu inajulikana: bomba kuu likiwa tupu msukumo wa ndani hushuka, na pale penye ufa maji machafu ya ardhini hunyonywa kuingia. Maji yakirudi yanabeba uchafu huo pamoja na kutu iliyobanduka. Rangi ya kahawia peke yake mara nyingi ni kutu ya chuma na si hatari kubwa. Kinachotisha ni kile kisichoonekana.

Kipimo rahisi cha kuanzia ni klorini iliyobaki kwenye maji. Vipo vifaa vidogo vya vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya pinki, unalinganisha rangi na kadi. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa yanapaswa kufika bombani kwa mtumiaji yakiwa na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita. Mkikuta sifuri haina maana kwamba maji yana vijidudu. Maana yake kinga imekwisha, na uchafu ukiingia hakuna kinachouzuia. Semeni hivyo hivyo hewani, msiongeze.

Sampuli ya bakteria haichukuliwi kwa chupa ya soda. Chupa itoke maabara, iliyotakaswa, na kama maji yana klorini iwe na dawa ya kuizima, la sivyo klorini itaendelea kuua bakteria njiani na majibu yatadanganya. Toeni mpira au chujio lolote mdomoni mwa bomba, pangusieni spiriti, yaacheni maji yatiririke dakika mbili, jazeni bila kusuuza chupa na bila kugusa ndani ya kifuniko, mwache nafasi kidogo juu. Andikeni mahali, tarehe na saa papo hapo. Iwekwe kwenye kasha lenye barafu na ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana. Ikipita saa 24 tupeni, chukueni nyingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba maji ya kunywa yasiwe na bakteria wa E. coli hata mmoja katika mililita 100. Wakipatikana, tafsiri sahihi ni kwamba kinyesi kimeingia kwenye maji. Si tangazo la kipindupindu, na mtangazaji asilifanye liwe hivyo. Majibu ya namna hii hayasubiri siku ya kipindi: yapelekeni siku hiyo hiyo kwa mamlaka ya maji na ofisi ya afya, na watangazieni wasikilizaji wachemshe maji mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika moja nzima, au dakika tatu kwa wanaoishi juu ya mita 2,000.

Kuhusu moshi wa taka nitasema machache. Anayechoma usiku mara nyingi ni mtu ambaye lori la taka halijampitia wiki tatu, kwa hiyo kabla ya kumlaani pateni ratiba ya lori na mwombe nyumba tano katika mitaa tofauti ziandike kwa siku 14 lori limepita au halikupita. Karatasi hizo tano zina nguvu kuliko kipimo chochote cha hewa. Mkipata kifaa cha kupima chembe laini za moshi na vumbi hewani, jihadharini na mambo mawili. Vifaa vya bei nafuu husoma juu kuliko ukweli hewa ikiwa na unyevu mwingi, alfajiri hasa. Na namba ya papo kwa papo hailinganishwi na kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, kwani hicho ni wastani wa saa 24. Pimeni upande unakotoka upepo na upande unakoelekea, kwa saa ile ile. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo habari.

Sasa maafisa. Afisa haji studio kwa sababu hajui ataulizwa nini na na nani, na anakumbuka mara ya mwisho alipozomewa na wapiga simu. Mpelekeeni barua siku saba kabla, yenye vipimo vyenu, picha mbili tatu na maswali matatu tu. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Maswali yawe ya aina inayojibiwa kwa tarehe, kiasi au cheo: kazi itaanza tarehe ngapi, fedha zake zimo kwenye bajeti ya mwaka huu au hazimo, ni cheo gani ofisini kinachosimamia. "Mna mpango gani?" ni swali la kumpa mtu nafasi ya kuhutubia. Asipofika, someni barua, tarehe iliyopokelewa na maswali yote, mseme hajajibu, mwendelee. Msimkejeli. Akija wiki ijayo mtamhitaji.

Ahadi anayoitoa iandikwe mbele yake na asomewe kabla hajaondoka: "Umesema tope litaanza kutolewa Jumatatu ya tarehe 12. Tumeandika sawasawa?" Kipindi cha kwanza baada ya tarehe hiyo kianze na ahadi hiyo, kabla ya muziki na salamu. Na kero isifungwe kwenye daftari kwa sababu ofisi imesema imekwisha. Mtaro uliosafishwa kiangazi unabaki wazi daftarini mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite na mwandishi arudi na fimbo yake.

Ofisi ikikataa kutoa takwimu, kumbukeni kwamba nchi nyingi zina sheria ya haki ya kupata taarifa, yenye idadi ya siku ambazo ofisi inapaswa kujibu. Ombeni kwa maandishi waraka unaojulikana kwa jina: mkataba wa kuzoa taka, ratiba, majibu ya vipimo vya maji ya mwezi fulani. Kanuni ya 10 ya Azimio la Rio, tamko la Umoja wa Mataifa la mwaka 1992 kuhusu mazingira na maendeleo, inasema wazi kwamba wananchi wapate taarifa za mazingira zilizoko serikalini na washiriki katika maamuzi. Haimfungi mtu mahakamani peke yake, ila inaipa barua yenu uzito.

Simu hamwezi kuziacha kabisa, wala sishauri. Ziwekeni mwishoni, dakika kumi na tano, kwa kero ya wiki hiyo tu. Anayepokea simu aulize kwanza nje ya hewa: unataka kusema nini, umekiona mwenyewe? Kama hamna mtambo wa kuchelewesha matangazo kwa sekunde saba hadi kumi, rekodini simu kabla ya kipindi, mzikague, na mrushe zinazofaa tu. Katika nchi nyingi kituo kinachorusha kashfa ya mpiga simu kinawajibika pamoja naye, na kusema "hayo ni maoni ya msikilizaji" hakuwaokoi.

Bora kuliko simu ni vikundi vya kusikiliza. Hili si jipya: Kanada ilianza vikundi vya wakulima waliosikiliza redio pamoja, wakajadili na kutuma majibu yao kituoni, mwaka 1941, na mwaka 1956 mtindo huo ukajaribiwa vijijini karibu na Pune, India. Tanzania mwaka 1973 ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na vitabu vyao mkononi, kisha wakaamua kazi ya kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi ya mbu. Nanyi mkiwa na vikundi vitano tu vya watu kumi, kila kimoja na kiongozi anayejua kuandika, mnapata macho mtaa mzima na watu wa kujaza zile karatasi za lori la taka. Kipindi kiwape kikundi swali moja la kujadili na jambo moja la kwenda kuhesabu au kupima kabla ya wiki ijayo.

Kwa rekodi za nje: maikrofoni shubiri moja kutoka mdomoni, upepo uwe mgongoni kwako, spika za masikioni uzivae. Anza kila rekodi kwa kutaja tarehe, saa na mahali, na umalize kwa dakika moja ya sauti ya pale bila mtu kusema. Faili halisi lihamishwe kwa waya au kadi. Likipitishwa kwenye programu za ujumbe linabanwa na mara nyingi linapoteza tarehe yake ya asili, nayo ndiyo mtakayoulizwa siku ya ubishi. Tunzeni rekodi zote ghafi angalau miezi sita, au zaidi kama leseni yenu inataka.

Tukija kwenye kiwanda. Neno "sumu" ni majibu ya maabara, na mlilirusha bila maabara. Wiki hii hifadhini rekodi ya kipindi kile kama ilivyo, msihariri chochote. Msimjibu mwenye kiwanda hewani wala kwenye simu; mwombeni aandike anachopinga, na mwonyesheni mwanasheria au chama cha vituo vya redio mlichojiunga nacho kabla ya kujibu. Mpeni nafasi ya kujibu katika kipindi kile kile, saa ile ile, kwa muda usiopungua ule wa tuhuma. Wakati huo huo chunguzeni upya kwa utulivu. Kaeni mahali pa umma, msiingie kiwanjani kwake. Andikeni kinachoonekana: bomba la upana gani, liko ukuta wa upande upi, maji ya rangi gani, saa ngapi, kwa muda gani. Ombeni afisa mazingira achukue sampuli tatu kwa saa moja ile ile: juu ya bomba, mdomoni mwa bomba, na chini yake. Ikikosekana ya juu, mwenye kiwanda atasema uchafu ulikuja na mto, na hamtakuwa na cha kumjibu. Ulizeni pia kama ana kibali cha kumwaga majitaka na kina masharti gani. Kumwaga nje ya kibali ni kosa linalothibitika kwa karatasi, bila mtu kubishana juu ya neno. Na angalieni orodha ya wadhamini wenu. Kama yeye au mshindani wake analipia matangazo kwenye kipindi hicho, yaondoeni mpaka shauri liishe, na muwaambie wasikilizaji kwamba mmeyaondoa na kwa nini.